Hana au Hataki? Namna Mahakama Inavyopima Utelekezaji wa Mtoto

Neno kutelekeza tumelibebesha mizigo mingi. Baba aliyehama nyumba na kuacha kutuma hela ya chakula "ametelekeza familia". Mama aliyeacha kichanga kwenye ngazi za zahanati "ametelekeza mtoto". Na mzazi anayelala nyumba moja na mwanawe lakini hajui kama amekula, ameoga au ameenda shule, naye majirani watasema kamtelekeza. Barazani neno hilo linatosha. Mahakamani halitoshi, kwa sababu mambo hayo yanaingia kwa milango tofauti, na kila mlango una kipimo chake. Kesi nyingi za watoto zinayumba hapohapo mwanzoni, kabla hata shahidi wa kwanza hajasimama.

Nazungumzia Tanzania Bara, ambako sheria mama ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria kama ilivyotungwa mwaka huo. Anayekwenda kuandika maombi azilinganishe kwanza na toleo linalotumika sasa. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake, Na. 6 ya 2011.

Mlango wa kwanza ni wa jinai. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 166, inamhusu mzazi au mlezi wa mtoto aliye chini ya miaka 14 ambaye ana uwezo wa kumtunza na bado, kwa makusudi na bila sababu ya msingi, anamwacha bila njia ya kuishi. Kifungu kinachofuata kinamhusu anayemnyima mtoto mdogo chakula, nguo na malazi hadi afya yake ikadhurika. Sheria ya Mtoto nayo, kifungu cha 14, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mshitaki hapa ni Jamhuri, na lazima athibitishe bila kuacha shaka ya msingi.

Wa pili ni wa matunzo. Anayekaa na mtoto anaomba mzazi mwenzake alazimishwe kuchangia. Ugomvi hapa ni wa hesabu, na wakati mwingine ni wa damu: je, huyu ndiye baba? Wazee wetu walimaliza suala hilo kwa kusema kitanda hakizai haramu. Mahakama inauliza jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kama baba aliwahi kumkiri mtoto hadharani au kumfanyia mila za kwao, na ikibidi inaagiza kipimo cha vinasaba. Kwa Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, mtu hawezi kujiendea tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na mate ya mtoto kwenye kichupa. Ombi linapitia kwa mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii.

Wa tatu ni wa ulinzi, na ndio ninaotaka kukaa nao zaidi. Mwombaji ni afisa ustawi wa jamii, na anachoiambia mahakama ni kwamba mtoto fulani "anahitaji matunzo na ulinzi" kwa maana ya kifungu cha 16. Hakuna mshitakiwa. Kipimo ni kile cha madai: upande gani una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Lakini matokeo yake yanaweza kuwa mazito kuliko faini yoyote, maana mtoto anaweza kuondoka nyumbani.

Angalia jinsi watu wanavyopotea njia. Mama anakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi akitaka baba "achukuliwe hatua", wakati anachohitaji ni unga, daftari na kodi ya chumba. Baba, dereva wa bodaboda, anawekwa ndani, pikipiki inalala, bosi wake anampa mtu mwingine. Wiki mbili baadaye hakuna unga na hakuna bodaboda. Au kinyume chake: mtoto anapigwa na kulazwa njaa na mama wa kambo, halafu shangazi anafungua maombi ya matunzo ya fedha. Hela inaanza kuingia kwenye nyumba ileile, mkononi mwa watu walewale.

Sasa tuje kwenye neno ambalo kwangu ndilo linaloamua karibu kila kitu: uwezo.

Limo kwenye kifungu cha 166 cha Kanuni ya Adhabu. Limo tena kwenye kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto, kinachompa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji pale mzazi mwenye uwezo anapokataa au kupuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, tiba, elimu au nafasi ya kucheza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 2003, unamtaka mzazi ahakikishe hali ya maisha ya mtoto kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya kifedha, kisha unaigeukia serikali na kuipa kazi ya kumsaidia. Na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake.

Kwa hiyo hakimu makini anakwenda kwa mpangilio. Mtoto amekosa nini, kuanzia lini hadi lini? Nani alikuwa na wajibu wa kumpa kitu hicho? Siku hizo mtu huyo alikuwa na nini mkononi? Alikifanyia nini? Swali la mwisho ndilo lenye kosa ndani yake, lakini halijibiki kabla ya yale matatu. Anayeruka moja kwa moja kwenye picha ya mtoto aliyekonda anahukumu umaskini wa nyumba.

Kuna jambo ambalo mawakili hulisahau. Uwezo si pesa tu, na kwa familia maskini uzembe wa kweli huonekana vizuri zaidi kwenye vitu visivyolipiwa. Chukua kadi ya kliniki. Chanjo ya kifua kikuu inatolewa mtoto anapozaliwa, ya pentavalenti katika wiki ya 6, 10 na 14, ya surua na rubela mwezi wa 9 na wa 18, na zote ni bure. Mama anayefua nguo za watu, mwenye mtoto mwembamba lakini kadi iliyojaa na tarehe zinazofuatana, ameiambia mahakama mengi kabla ya kufungua mdomo. Baba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayekaa na mtoto ambaye kadi yake iliishia wiki ya 6, naye ameeleza yake. Bado lazima muuguzi aulizwe: zahanati iko mbali kiasi gani, chanjo iliwahi kuisha, kadi ilipotea kwenye mafuriko ikaandikwa upya? Kadi ni shahidi mzuri, ila nayo iulizwe maswali.

Vivyo hivyo shule. Ada ya shule ya msingi ya serikali imeondolewa, ingawa sare, madaftari na michango ya chakula havijaondoka. Daftari la mahudhurio likionyesha mtoto anakosa siku moja kila wiki, na siku hiyo ni ya mnada, tatizo limeshajieleza: mtoto anauza karanga. Akikosa siku zilizotawanyika bila mpangilio, pengine anaumwa. Akikosa muhula mzima tangu mama alipojifungua, ndiye yaya wa nyumba. Mwalimu anayekuja mahakamani na kusema "ni mtoro sugu" ameisaidia mahakama kidogo sana. Aje na kurasa za daftari.

Kuhusu mwili wa mtoto, kipimo kinachopatikana karibu kila kituo cha afya ni mkanda wa mkono, unaotumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Kuanzia hapo ni kijani. Mkanda huo unasema hali ya mtoto ya siku ile na unaishia hapo, haumtaji aliyeisababisha. Kifua kikuu, VVU, minyoo, ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, vyote vinaweza kumfikisha mtoto kwenye nyekundu huku mama akimlisha kila anachopata. Ndiyo maana cheti cha daktari kinachosema "utapiamlo" peke yake hakijathibitisha utelekezaji. Kinachosaidia ni mfululizo: uzito wa kila mwezi kwenye kadi, majibu ya vipimo vya magonjwa, na kilichotokea baada ya kulazwa. Mtoto akiongezeka uzito haraka wodini kwa chakula cha kawaida, bila dawa kubwa, tunajua shida ilikuwa chakula. Tumebaki na swali lilelile la nani alikuwa nacho.

Hapo kuna kipimo kimoja ambacho hakigharimu kitu na mara nyingi hakipo kwenye ripoti: hali ya watoto wengine wa nyumba ileile. Watoto wanne wote wakiwa njano, unatazama kaya isiyo na chakula, na pengine dawa yake ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF. Watatu wakiwa kijani na mmoja nyekundu, na huyo mmoja ndiye wa kambo au yatima aliyeletwa toka kijijini, mahakama ina jambo jingine kabisa mbele yake. Nyumba ina chakula. Kuna mtu anaamua nani ale.

Kwenye upande wa fedha, kipato cha watu wengi hakina karatasi. Kifungu cha 44 kinaitaka mahakama ya matunzo itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, chochote kinachopunguza uwezo wao wa kutafuta, watoto wengine wanaowategemea, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi na haki za mtoto zenyewe. Kabla ya sheria hii kulikuwa na kiwango cha shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kiwango kilichobaki kwenye vitabu hadi kikawa kichekesho. Sasa hakuna kiwango maalumu, na hilo ni jema, ila maana yake kila anayeomba abebe ushahidi. Mshahara unaonekana kwenye hati ya malipo. Kwa dereva wa bodaboda tafuta mkataba wa pikipiki unaoonyesha hesabu ya kila siku. Mtu anayemudu hesabu ya bosi na mafuta hawezi kusema hapati kitu. Kwa mfanyabiashara tafuta taarifa ya miamala ya simu, leseni, kitabu cha kikoba. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "sina hela na sitoi" unapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini picha ya skrini iliyochapwa stendi bila maelezo ya simu ni ya nani, namba ni ya nani na nani aliyeichapa, huwa inapigwa pingamizi na kuanguka.

Kesi ya mlango wa tatu inasimama juu ya ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Hapa nitasema bila kuzunguka: ripoti nyingi ni dhaifu, na udhaifu wake unafanana. Zimejaa sifa badala ya matukio. "Mazingira ya nyumbani ni duni." "Mzazi hana maadili." "Mtoto hana furaha." Hakimu afanye nini na sentensi hizo? Upande wa pili utauliza swali moja tu, duni kwa kulinganisha na nyumba gani ya mtaa ule, na ripoti itakaa kimya.

Ripoti inayobeba kesi inaandikwa hivi: tarehe 4, saa 12 jioni, mtoto wa miaka mitano alikutwa peke yake, mlango umefungwa kwa nje, ndani hakuna maji, jirani wa chumba cha pili alisema ni mara ya tatu wiki hiyo, mama alirudi saa 4 usiku akasema alikuwa kazini baa, aliulizwa nani humwangalia mtoto, akasema hakuna. Ziara ya pili, bila taarifa, tarehe 11 asubuhi, mtoto alikuwa na bibi wa jirani anayelipwa 1,000 kwa siku. Huo ni mfano wa kutunga, lakini soma tena uone tofauti. Ndani yake kuna hatari iliyo wazi, kuna maelezo ya mzazi, na kuna mabadiliko ndani ya wiki moja. Hakimu ana cha kupima. Ripoti ya ziara moja ingemletea nusu tu ya habari, ya kwanza au ya pili, kutegemea bahati.

Afisa anayelaumiwa kwa ripoti fupi mara nyingi anahudumia kata nzima au zaidi, na hana usafiri. Hutokea mlalamikaji ndiye analipa bodaboda ya kumpeleka afisa kwenye nyumba ya mlalamikiwa. Hata kama afisa ni mwadilifu, ameshafika akiwa amebebwa na upande mmoja, na mtaa mzima umeona. Hakimu anayo haki ya kuuliza ziara ilifanyikaje, nani alikuwepo, na kama mtoto alizungumza na afisa akiwa peke yake. Mtoto akihojiwa mbele ya shangazi aliyemleta atasema anachotaka shangazi. Maswali nayo yawe wazi: "Jana jioni ilikuwaje?" ni tofauti na "Mama huwa anakunyima chakula, eti?"

Akifika mahakamani mwenyewe, kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, kama kilivyorekebishwa 2016, kinamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema kweli na si uongo. Ahadi hiyo lazima iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Mahakama ya Watoto inakaa faragha, na afisa ustawi anatakiwa kuwepo.

Majirani ni mashahidi wazuri na wabaya kwa sababu ileile, wanaishi karibu. Wanasikia kilio cha usiku, na wanagombea maji, kivuli na mpaka wa kiwanja. Wa kumsikiliza ni yule anayeeleza alichokiona kwa macho yake na lini, na wa kumwekea alama ya kuuliza ni yule anayeanza na "sisi wote mtaani tunajua". Hali kadhalika na wazazi waliotengana. Kama malalamiko ya utelekezaji yalianza wiki ileile shauri la talaka lilipofunguliwa, na kabla ya hapo hakuna hata barua moja kwa mtendaji, mahakama itazame vizuri. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na njia rahisi ya kuipinga ni kumwita mama mzembe.

Sasa kuna hili la wazazi walio mbali. Wanawake wengi wa Tanzania na Kenya wanakwenda Oman, Saudia na kwingine Ghuba kufanya kazi za ndani, watoto wanabaki kwa bibi. Ndugu wa mume wakitaka ugomvi husema ametelekeza. Sheria ya Mtoto ilishalijibu hili: kifungu cha 9 kinamtaka mzazi asiyekuwepo ahakikishe mtoto yuko mikononi mwa mtu anayeweza kumlea. Kwa hiyo umbali wenyewe si kosa. Maswali ni kama bibi ana nguvu za kumkimbiza mtoto hospitali usiku, kama hela inayotumwa inafika kwa bibi au inaishia kwa mjomba mwenye laini ya simu, na kama mama, alipoambiwa mambo yameharibika, alifanya jambo lolote. Mama wa Muscat anayebadilisha mlezi ndani ya mwezi mmoja baada ya kusikia mtoto anapigwa ametimiza wajibu akiwa ng'ambo. Baba anayekaa mtaa wa pili na hajakanyaga pale tangu Idi iliyopita ndiye mwenye maswali ya kujibu. Ajabu ni kwamba wito huandikwa kwa jina la mama.

Sheria yenyewe inakataa kumhukumu mzazi kwa sifa yake. Kifungu cha 16 kinawataja watoto wanaoishi na watu wanaojulikana kwa ukahaba, kisha kinaongeza kwamba kama mtu huyo ni mama wa mtoto na inathibitika anamtunza na kumkinga ipasavyo, mtoto hahesabiwi kuwa kwenye kundi hilo. Waliotunga waliona mbali. Basi kanuni hiyohiyo itumike kwa ulevi, ambao kifungu kinautaja pia. Mama anayepika gongo si lazima awe mlevi, na mlevi si lazima awe amemdhuru mtoto. Usiku aliolewa, nani alikuwa amembeba mtoto? Moto ulikuwa wapi? Nani alimpa mtoto dawa zake za saa 2? Ripoti isiyojibu hayo imeeleza tabia ya mzazi na kumwacha mtoto nje ya kesi yake.

Nina ugomvi na kifungu hichohicho, hata hivyo. Kimewaweka kwenye orodha moja mtoto yatima, mtoto fukara, mtoto asiye na makazi, mtoto anayeombaomba, na mtoto aliyepuuzwa au kuteswa na mlezi wake. Kwa lengo la kufungua mlango wa msaada orodha ni sahihi. Wote hao wanahitaji mtu. Lakini baada ya mlango kufunguka, sheria inampa hakimu zana zilezile kwa wote, na huo ndio mwanya ambao mama fukara anajikuta akijibu kama mkatili. Kifungu cha 18 kinazungumzia mtoto anayepata au anayeelekea kupata madhara makubwa, bila kusema madhara hayo yapimwe kwa rula gani. Sheria ya watoto ya Uingereza ya 1989, yenye maneno yanayofanana sana na haya, inadai hatua ya pili: madhara yatokane na malezi yaliyo chini ya yale ambayo ni haki kuyatarajia kutoka kwa mzazi. Hatua hiyo ya pili kwetu haijaandikwa waziwazi kwenye kifungu hicho. Hakuna kinachomzuia hakimu kuiweka mwenyewe. Aandike kwenye uamuzi wake mambo mawili kwa aya mbili tofauti: mtoto anakosa hiki na hiki; na kati ya hivyo, hivi ndivyo mzazi alivyoweza kuvitoa na hakuvitoa. Aya ya pili ikitoka tupu, amri ya kumwondoa mtoto inakosa mguu, na kilichobaki ni kuiagiza ofisi ya ustawi itafute msaada.

Ngazi za hatua zenyewe zimepangwa vizuri, tatizo ni kuziruka. Kwa kawaida taarifa ikifika, afisa ustawi anamwita mzazi, wanazungumza, wanaandikiana. Mzazi akikaidi ndipo shauri linakwenda mahakamani, ambako anaweza kutakiwa kusaini ahadi ya kumtimizia mtoto mahitaji yake. Makubaliano ya ofisini yakiandikwa "atatoa matunzo kadiri atakavyojaaliwa" hayana maana. Yaandikwe kiasi, tarehe ya mwezi, namba ya simu itakayopokea, nani analipa sare mwezi Januari, nani anampeleka mtoto kliniki, na siku ya kukutana tena kuangalia kama yametekelezwa. Nakala moja kila upande, na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa kama alikuwepo.

Hali ikiwa ya hatari, afisa akifuatana na polisi anaweza kumwondoa mtoto na kumweka mahali salama kwa siku zisizozidi saba, na kabla hazijaisha lazima amfikishe mahakamani. Siku saba huisha haraka pale Ijumaa inapofuatwa na sikukuu, na mtoto aliyekaa siku ya tisa bila amri anakaa nje ya sheria, hata kama anakula vizuri. Baada ya hapo mahakama ina amri ya usimamizi, ambapo mtoto anabaki nyumbani na afisa anatembelea kwa muda usiozidi mwaka mmoja, na ina amri ya kumtoa, inayohamishia haki za mzazi kwa afisa ustawi kwa muda usiozidi miaka mitatu au hadi mtoto afike miaka 18. Hata chini ya amri hii ya pili si lazima mtoto apelekwe kwenye makao ya watoto. Anaweza kuwekwa kwa mlezi wa kuaminika aliyeidhinishwa, au kwa ndugu. Mara nyingi upande wa baba haujaulizwa kabisa, kwa sababu baba hakupatikana na hakuna aliyefikiria kumtafuta mama yake baba.

Amri inaweza kufutwa mambo yakibadilika, na mzazi anayetaka mwanawe arudi atapimwa kwa kile alichofanya tangu siku ilipotolewa. Daftari la wageni la makao litafunguliwa, na jina lake litatafutwa ukurasa kwa ukurasa. Asiyeonekana kwa miezi minane ataulizwa alikuwa wapi. Ila kama mtoto aliwekwa kilomita 90 kutoka kwao na mama anauza mboga, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuwa mtaji wake wa wiki nzima, na afisa aliyechagua makao yale alipaswa kuiandika nauli hiyo kwenye faili siku ileile alipompeleka mtoto.